Salamu kwa Bibi Koti

12 Machi 1987

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wa baba umepungua uvimbe, na mama ameacha kugombana na yule kuku anayetaga chini ya kitanda. Mwambie mdogo wangu asiguse sanduku langu la juu ya kabati. Nikirudi nikikuta limefunguliwa nitamvuta masikio mpaka yafanane na ya sungura. Mimi sijambo. Nimepata chumba cha uani, dirisha lake linatazamana na ukuta, ila mlango unafungika, na kwa msichana anayeishi peke yake hilo ndilo la maana.

Kazi nimepata. Ni saluni ya wanawake, viti vinne, vioo viwili, na beseni la kuoshea nywele linalovuja. Mwenye saluni ni dada mtu mzima, tunamwita Bosi. Hacheki na mtu, lakini hana roho mbaya. Nimewekwa kwa majaribio mpaka mwisho wa mwaka. Wateja wakinipenda kiti ni changu, wasiponipenda nafungasha. Na wewe unajua kwa nini sitaki kurudi. Yule mwenye duka la mbao bado anamletea baba salamu zake za posa, na baba bado anazipokea.

Mikono yangu haina shida, shangazi. Shida ni mdomo. Sisi kwetu mtu akikutana na mwenzake anaanza kwa kumkandia. Sura gani hiyo, umelala zizini? Naye anakujibu ndiyo, na nimekuacha huko huko unakoroma, mnacheka, siku imeanza. Siku yangu ya kwanza hapa niliingia nikamuuliza msusi mwenzangu, "Nywele hizo umesukwa au umevamiwa?" Akalia. Machozi kabisa, na taulo akajifunika usoni.

Salamu za huku ni kama kuitwa majina shuleni. Baba hajambo? Mama hajambo? Watoto? Jirani? Wote salama, salama, salama, bila hata kutabasamu. Juzi mteja mmoja alipita nyumba nzima kwa salama, ndipo akasema mumewe amelazwa. Wasichana wa rika langu wana yao, wanaitana mwanangu. Vipi mwanangu, fiti mwanangu, na hakuna aliyemzaa mwenzake.

Sasa kuna bibi mmoja, mama yake Bosi. Anavaa koti la kiume la kijivu, jua liwake lisiwake, basi tunamwita Bibi Koti akiwa hayupo. Anakuja kila Jumamosi kusukwa, na Bosi hafanyi jambo bila kumuuliza yeye. Msichana aliyekuwa na kiti changu alifukuzwa kwa sababu Bibi Koti alisema ana mikono baridi. Mimi kila ninachomwambia anaitikia "mh". Hilo "mh" ndilo litakalonirudisha kwa muuza mbao. Wewe uliwahi kuolewa huku. Hebu nifundishe, mtu kama huyu anasalimiwaje mpaka afungue roho?

Mwanao,
Kijiti

---

30 Aprili 1987

We Kijiti,

Marahaba. Bado uko hai na miguu hiyo ya mtungi uliokosa kitako? Barua yako ilikaa siku nyingi juu ya cherehani. Nilikuwa na sare za shule za kushona, tena za watoto wenye mabega kama hanga ya nguo. Baba yako mguu umepungua, sasa analalamikia mgongo. Mama yako kuku kamshinda, amehama yeye chumba. Mdogo wako sanduku ameshalifungua. Hakukuta kitu, amenuna.

Nilicheka ulivyomliza mwenzako. Watu wa huko ndivyo walivyo, ngozi laini. Wewe endelea kuwaitikia hizo salama zao na kuinamisha kichwa. Hao wasichana waite mwanangu kama wanavyotaka, haikupunguzii kitu.

Lakini huyo bibi wa koti si wa kundi hilo. Wa aina yake walikuwepo hata wakati wangu, wake za watu wa zamani wa mjini. Shikamoo wanaichukia, inawakumbusha umri. Anakujibu "mh" kwa sababu kila mtu anamnyenyekea, kachoka. Wanawake wale wana utani wao, mkali kuliko wa kwetu, na anayewapatia ndiye wanayemshika mkono. Akishakaa, kichwa kikiwa mapajani kwako, uwe umeshakisuka nusu, inama umwambie kwa sauti wasikie wote: "Bibi, bado tu unakula vya watu?" Basi. Usiongeze kitu. Ngoja uone.

Najua utasitasita, wewe na uoga wako. Mimi nimeishi huko, wewe umefika jana. Unataka kiti au unataka mbao?

Jambo lingine dogo. Huyo Bosi wako anashika chanuo kwa mkono gani? Ana umri gani hasa? Na akikasirika anafanyaje? Nauliza tu.

Shangazi yako

---

6 Juni 1987

Shangazi,

Shikamoo. Mambo ya nyumbani nimeyasikia. Sitayauliza leo.

Nilisema ulivyoniambia. Ilikuwa Jumamosi, saluni imejaa, wengine wamekaa mpaka kwenye ngazi ya mlangoni. Bibi Koti alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kichwa mapajani kwangu, nusu nimeshaisuka na nusu imesimama. Siku hiyo alikuwa ameanza hata kunizungumzisha. Aliniuliza kama kwetu kunanyesha. Nikajiona nimepata nafasi, nikainama, nikasema kwa sauti, na nikatabasamu nikingoja acheke.

Hakucheka mtu. Mmoja aliyekuwa chini ya kikaushio akazima swichi mwenyewe. Nikahisi shingo ya yule bibi imekakamaa mapajani kwangu. Akainuka taratibu, akanigeukia, akaniuliza, "Nani kakufundisha salamu hiyo?" Na mimi, mjinga mimi, nikasema kwa majivuno kuwa ni shangazi yangu, aliwahi kuishi huku. Akaniuliza jina. Nikamtajia jina lako lote, na la babu.

Alivaa koti lake, akafunga kitambaa juu ya kichwa kilichosukwa nusu, akatoka hivyo hivyo. Mtu mzima yule, barabarani, Jumamosi mchana. Bosi akaniambia niweke chanuo chini. Tangu siku hiyo sijagusa kichwa cha mtu. Nafagia nywele, nafua mataulo, nashika beseni lisivuje. Wateja wakiingia wanawasalimia wote, mimi wananiruka. Wote, shangazi. Wanataja hata mtoto wa fundi bomba wa jirani, mimi hapana. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kukosa salamu akaona njaa.

Ulinidanganya au ulikosea? Kama ulikosea niambie nimwombe radhi vizuri, nimweleze kwamba ni mambo ya zamani yaliyobadilika.

Bosi anashika chanuo kwa kushoto. Ana miaka thelathini na kidogo. Akikasirika anauma kona ya mdomo, upande mmoja tu. Sijui unataka ya nini.

Kijiti

---

2 Julai 1987

Kijiti mwanangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Safari hii sikuiweka barua juu ya cherehani, niliisoma nimesimama posta watu wakinisukuma.

Kufagia nywele hakujamuua mtu. Mimi nimefagia mabaya zaidi. Acha kulia, niandikie vizuri. Aliposikia alifanya uso gani? Mdomo ulitetemeka au aliukaza? Watu wa ngazini walisikia wote, una hakika? Alipotoka alipita upande wa msikitini au upande wa sokoni? Upande wa sokoni watu ni wengi. Alishika ukuta? Sasa anatembea vipi huyo, mgongo umeinama? Niandikie taratibu, usiruke kitu.

Na Bosi. Alikuwa amesimama wapi? Alimwangalia mama yake au alikuangalia wewe? Ameuliza neno lolote baadaye? Niambie sauti yake ikoje, nzito au nyembamba. Ana watoto? Mtu mwenye saluni hawezi kukosa anayemsuka yeye, ni nani?

Hapa wote hawajambo, baba yako hajambo, mama yako hajambo. Muuza mbao alileta viti viwili vipya kama zawadi. Baba yako amekalia kimoja.

Kuhusu radhi, usiombe. Ukimwomba radhi utaniharibia.

Shangazi yako

---

23 Agosti 1987

Shangazi,

Shikamoo naiandika kwa sababu nimelelewa hivyo.

Sikukusikia. Nilikwenda nyumbani kwa Bibi Koti na kilo ya sukari, nikapiga hodi mpaka mkono ukauma. Alinifungulia akiwa na gauni tu, koti limetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Nilijua sitapata nafasi nyingine, nikapiga magoti pale pale kizingitini, nikaanza salamu za kwao, baba, mama, watoto, jirani. Aliniacha nikapita nyumba yetu nzima. Nilipofika kwako akasema, "Huyo usimtaje kwa salama."

Akaniambia. Kwamba ulikuwa mkaza mwanawe. Kwamba koti ni la marehemu mumewe, baba mkwe wako, na wewe ulikuwa ukilipigia pasi. Kwamba ulizaa mtoto wa kike, ukamwacha hajaota meno, ukaenda kwenu ukakaa huko hata mashavu ya mtoto yakasahau maziwa. Kwamba uliporudi ulisimama barabarani ukamtukana neno lile lile mbele ya mtaa mzima, na mtaa ukakaa miaka mingi mpaka ukalisahau, na mimi nikaja nikalisema upya huku nacheka. Mwanawe alikufa kwa kifua. Mtoto alimlea yeye, na mtoto anajua kwamba yeye ndiye mama.

Bosi ni mwanao. Mimi nafagia chini ya miguu ya binamu yangu na ulijua tangu barua ya kwanza.

Kwetu tumekuita mgumba, shangazi. Mama yangu amekuita hivyo jikoni nikisikia, nami nimewahi kumgombeza. Mbona ulinyamaza? Na kama ulinyamaza miaka yote hiyo, kwa nini ulifungua mdomo kwa mdomo wangu? Ulijua kabisa ninachokitafuta hapa. Nilikuandikia wazi.

Bosi amebadilika. Mtaa umeanza kunong'ona, mteja mmoja mzee akaropoka mbele yake halafu akajifanya anakohoa. Jana alinikuta nafua mataulo, akasimama karibu, akauliza shangazi yangu ana mkono gani wenye nguvu. Nikasema sijui. Unashona kwa kushoto, nimekuona maisha yangu yote.

Bibi Koti anasema kwamba anaweza kunirudisha kwenye kiti kwa neno moja. Hajaniambia anataka nini.

Nijibu. Na usinitanie.

Kijiti

---

15 Oktoba 1987

Mwanangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Baba yako hajui kama nakuandikia haya.

Sikumwacha. Mama yangu, bibi yako mzaa baba, alifariki, nikaitwa kuzika. Mtoto alikuwa na homa. Yule mwanamke akasema mwache, safari ndefu, vumbi, utamkuta. Nikamwachia kwa sababu alikuwa mkwe wangu na nilimwita mama. Baada ya matanga njia ilikatika kwa mvua, madaraja yakachukuliwa. Nilikaa nikibana maziwa kwenye kikombe na kuyamwaga. Nilipofika mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Mume wangu alisimama dirishani, akaniona, akashusha pazia. Ndani nilimsikia mtoto akiita mama, na yule akaitika. Ndipo nikasema nilichosema. Ningesema nini kingine, na mtoto wangu yuko nyuma ya mlango wa mtu?

Baba yako alikuja kunichukua. Njiani akaniambia tukifika tuseme sikuzaa, mwanamke aliyeachika asiye na mtoto anapata mwanamume mwingine upesi. Nikakubali, nilikuwa sina nguvu ya kubishana. Sikuolewa. Jina nikabaki nalo.

Unaniuliza kwa nini nilikutuma. Mimi niko mbali na wewe unashika kichwa cha yule mwanamke kila Jumamosi. Ningemtuma nani? Siombi radhi kwa neno lile. Nilipolala siku ile niliyopata barua yako nililala vizuri, mara ya kwanza tangu nilipokuwa na umri wako. Kama ni ukatili, basi ni ukatili.

Lakini uliponiandikia kwamba mwanangu ameuliza mkono wangu, nimeshindwa kushona. Napitisha uzi kwenye sindano, hauingii. Kumbe ananitafuta. Nimeongea na dereva wa basi la Jumanne, ananiwekea kiti mwisho wa Novemba. Sitagombana na mtu. Yule bibi nitampita kama mti. Nataka kumwona mwanangu tu, hata akiwa amenipa mgongo anasuka mtu.

Sasa naomba unisaidie, mama. Nimesahau namna ya watu wa huko. Mimi ulimi wangu umezoea kuuma. Nikiingia hapo saluni nianze na nani, nimsalimie kwanza yeye au niwapitie wote? Nimwite nani? Nikimwita mwanangu atadhani ni ule mtindo wa wasichana wenu? Nisimame au nipige magoti? Nimenunua kitambaa, nimejishonea gauni la bluu. Niandikie neno kwa neno nimwambie nini, nitalikariri njiani.

Shangazi yako

---

19 Novemba 1987

Shangazi,

Barua yako imenifikia, gauni la bluu pia nimelisoma. Wote huku hawajambo.

Usije. Mrudishie dereva kiti chake.

Ijumaa moja baada ya barua yako Bosi alifunga mlango wa saluni tukiwa wawili. Aliniuliza huyo shangazi yangu ni nani kwake. Siku mbili kabla, Bibi Koti alikuwa ameniita akaniambia kwamba siri imemshinda, mtaa mzima unaongea, basi nikiulizwa niseme kweli kwamba wewe ndiye mama yake. Halafu niseme kwamba umekufa. Nikisema hivyo kiti ni changu, na akishakufa yeye nitakuwa mtu wa pili hapa saluni. Nilimwambia nitafikiri. Nikaenda chumbani nikaisoma tena barua yako, pale uliposema ulilala vizuri. Nikamaliza kufikiri.

Nikamwambia Bosi kweli yote, shangazi. Homa, matanga, madaraja, pazia. Nilikutetea. Nilimwambia hukumwacha, uliporwa, na ulishona miaka yote kwa mkono wa kushoto. Halafu nikamwambia ulifariki Septemba, mguu ulivimba ukapanda moyoni. Huo mguu ni wa baba, nilikosa ugonjwa mwingine kwa haraka.

Alikaa chini pale kwenye sakafu, juu ya nywele ambazo sikuwa nimezifagia. Baadaye akaniambia nimsuke akae kilioni. Nilimsuka, kichwa mapajani kwangu, mistari yote kurudi nyuma. Ana alama ndogo nyuma ya sikio la kulia, kama yako. Saluni ilifungwa. Watu walikuja kukaa naye, hata yule msusi niliyemliza alileta sukari. Bibi Koti alikaa pembeni yake akimpigapiga mgongo. Walinipa na mimi mkono wa pole, kwa kuwa ndimi ndugu yako pekee niliyekuwepo. Nililia pia. Sikuigiza.

Ameniuliza ulikuwa unacheka vipi, ulikuwa unapenda nini, uliwahi kumtaja. Kila jioni ananiuliza jambo moja, na ninampa. Hasira aliyokuwa nayo juu ya mama aliyemtupa imekwisha. Anakupenda. Ananiita mdogo wangu, ameniambia nihamie kwake, na kiti nimepewa mbele ya wateja wote. Wakiingia wananisalimia kwanza. Kwa muuza mbao sirudi.

Ukija, utamkuta amekuzika na mimi ndiye shahidi. Atanigeukia aniulize huyu mama wa gauni la bluu ni nani. Nitamwambia sikujui, na ataniamini mimi.

Kijiti